Jiko lenye sura ya kijijini na raha ya kupika nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wanaojenga kijijini, waliopanga mjini na wanaoishi mbali na kwao. Wengi huanza na rangi ya ukuta na pazia. Mimi huanza na chungu. Jiko la kijijini linapendeza kwa sababu kila kilichomo kina kazi yake: ungo unapepeta, kinu kinatwanga, kawa linafunika. Ndiyo maana majibu ya hapa yanachanganya mapishi na mapambo. Mifano mingi ni ya pwani ya Tanzania na Kenya, ninakokujua vizuri zaidi, na michache ni ya bara.

Ukisema jiko la kijijini, una maana nirudi kwenye kuni na moshi?

Hapana, na ningependa hili lieleweke kabla ya mengine yote. Moshi wa ndani unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaoivuta zaidi ni akina mama na watoto wanaokaa nao mekoni. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Pika kwa gesi au umeme bila kuona haya. Sura ya kijijini inatokana na vyombo, udongo, mbao, ukili na mwanga, na vyote hivyo vinakaa vizuri kando ya jiko la gesi.

Kama una uwanja, jenga banda dogo la wazi lenye mafiga matatu kwa siku za pilau ya wageni au makande ya kuiva polepole. Paa liwe juu, pande ziwe wazi, moshi upate njia. Ukitumia mkaa, chagua jiko lenye bitana ya udongo ndani ya bati, lile lenye umbo la kiuno lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Joto linabaki kwenye chungu na mkaa unaokolewa.

Nina fedha kidogo. Ninunue nini kwanza?

Nunua kitakachotumika wiki hii hii. Kwa nyumba inayokula nazi, orodha yangu ni fupi: mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kukamulia tui, ungo, chungu kimoja cha wastani, mwiko na upawa wa kifuu. Kawa lifuate. Ukiwa na hivyo tayari una jiko linalotazamika, maana mbuzi ya mti mzuri iliyokunjwa na kuegemezwa ukutani haihitaji picha pembeni yake.

Mbuzi ikague kabla ya kulipa. Ikalie hapo hapo sokoni. Isiyumbe, na meno ya chuma yawe makali na yamekazwa barabara kwenye ubao. Kifumbu kiangalie kwenye mwanga: ukili uwe umebanana, maana kikilegea chicha litapita na tui. Ungo mzuri una ukingo uliofungwa kwa nguvu, na ukiugonga kwa vidole unatoa sauti kavu. Mwiko uwe wa mti mgumu usio na harufu, na mkono wake ufae kiganja chako.

Ninachokuomba usinunue ni seti nzima ya "mapambo ya asili" iliyopangwa dukani. Vinu vidogo visivyoweza kutwanga hata kitunguu saumu, vyungu vilivyopakwa vanishi, pawa zilizotobolewa ili zitundikwe tu. Vitakusanya vumbi, na miezi miwili baadaye hutaviona tena hata ukivitazama.

Chungu nakipata wapi, na nakitayarisha vipi kisipasuke?

Karibu kila mkoa una wafinyanzi wake, na wengi ni wanawake. Wanaojulikana sana Tanzania ni Wakisi wa kandokando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Akina mama wa Ikombe hufinyanga kwa mkono, na vyungu huuzwa soko la Lyulilo, karibu na Matema. Ukifika huko, nunua viwili, kimoja cha mboga na kimoja cha samaki, kwa sababu udongo unashika harufu na chungu cha samaki hakifai tena kwa uji.

Sokoni, kishike kwa mkono mmoja na ukigonge kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe hauuoni. Tazama pia kitako: kikae sawa juu ya meza.

Ukifika nyumbani, kiloweke usiku kucha. Asubuhi kikaushe kivulini, kipake mafuta ya nazi ndani, kisha chemsha humo uji mwepesi wa unga wa mahindi au maji ya mchele kwa moto mdogo mpaka yawe mazito. Wanga unaziba vitundu vya udongo. Acha kipoe chenyewe, mwaga, suuza. Wengine hurudia mara mbili, nami naona ni vizuri.

Baada ya hapo sheria ni mbili. Moto uanze mdogo na uongezwe taratibu, na chungu cha moto kisiguswe na maji baridi wala kuwekwa juu ya saruji yenye baridi. Kiweke juu ya kata ya majani au kitambaa kilichoviringishwa. Kwenye jiko la gesi, weka kipande cha bati kati ya moto na chungu ili joto lisambae. Usikioshe kwa sabuni, maana udongo utainywa na kesho utaila kwenye mchuzi. Maji ya moto, majivu kidogo na dodoki au kumbi la nazi vinatosha.

Wali wangu wa nazi haufanani na wa bibi. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye tui. Watu hukamua mara moja, wakachanganya yote, wakapika. Bibi alikuwa na matui mawili, na kila moja lilikuwa na wakati wake.

Kwa vikombe 2 vya mchele, ikune nazi moja kubwa iliyokomaa. Mimina maji ya vuguvugu kidogo tu, finyanga kwa mikono mpaka vidole vijae mafuta, kisha kamua kwenye kifumbu. Hilo ndilo tui zito, kasimile, liweke kando. Rudia kwa maji mengi zaidi upate tui jepesi. Yote mawili yakikaribia vikombe 4 umefika. Mchele mpya hunywa maji machache, wa zamani hunywa mengi, kwa hiyo muulize muuzaji ni wa msimu gani. Kwa harufu, mchele wa Kyela au pishori ya Mwea hauhitaji kitu kingine.

Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele uliooshwa, koroga mara moja. Tui likianza kukauka na vishimo kuonekana juu ya wali, mimina kasimile, geuza polepole kutoka chini, kisha funika. Hapa ndipo makaa ya juu yanapofanya kazi: punguza moto wa chini, weka bati au kifuniko kizito, palia makaa juu yake na uondoke. Wali unaiva kwa joto la pande mbili, kila punje inasimama peke yake, na chini inabaki ukoko wa rangi ya dhahabu ambao watoto wataugombea. Mtu asiye na makaa amalizie kwenye oveni yenye moto wa juu, dakika 15 hivi. Inakaribia sana.

Na nazi ikunwe siku hiyo hiyo. Nitakubali tui la kopo kwa anayeishi pasipo na minazi, lakini harufu ya nazi inayokunwa saa tano asubuhi, ikiingia chumbani kabla hata moto haujawashwa, ni nusu ya chakula chenyewe. Chicha lipeleke kwa kuku.

Nipake rangi gani ukutani?

Chokaa nyeupe. Najua wengi wanataka kijani kibichi au rangi ya manjano ya kwenye picha, na si vibaya, ila chokaa inafanya mambo ambayo rangi ya plastiki haiyawezi. Inaacha ukuta upumue, kwa hiyo mvuke wa jikoni haukwami chini yake na kuunda malengelenge. Asili yake hairuhusu ukungu kuota kwa urahisi. Inarudisha mwanga, na jiko la kijijini mara nyingi lina dirisha dogo. Isitoshe ni bei nafuu, na mwaka ukiisha unaipaka tena juu kwa juu.

Nunua iliyokwisha kuzimwa, kwani chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka na kuunguza ngozi. Ichanganye na maji iwe nyepesi kama maziwa, ongeza konzi ya chumvi, lowesha ukuta kwanza, paka tabaka nyembamba tatu badala ya moja nzito. Vaa kitu cha kukinga macho. Ikiwa bado haijakauka ukutani huonekana kijivu na utakata tamaa, ngoja ikauke.

Ukuta wa udongo unastahili udongo. Sehemu nyingi za bara watu wana udongo mweupe, mwekundu na mweusi, na akina mama huchora kwa vidole michirizi na pembetatu kuzunguka mlango. Kama bibi yako au jirani anajua kazi hiyo, mwombe akufundishe angali yupo. Ukanda wa udongo mwekundu unaofika usawa wa goti una faida nyingine: unaficha madoa ya maji ya kufagia.

Sakafu je?

Saruji iliyochanganywa na unga wa rangi nyekundu, ikasuguliwa kwa nta. Nyumba nyingi za zamani zinayo na bado inang'aa. Epuka vigae vinavyoteleza, mafuta ya kupikia hayasamehe.

Vyombo vikae wazi au kabatini?

Vya kila siku viwe wazi, vya wageni vifungiwe. Chombo kinachooshwa mara mbili kwa siku hakipati nafasi ya kushika vumbi.

Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na jibu zuri sana: zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya unene wa ukuta na kupambwa kwa plasta ya chokaa, ambamo familia zilipanga sahani za kaure na vitu vya thamani. Zilikuwa za chumba cha ndani, si za jikoni; jiko lenyewe mara nyingi lilikuwa ghorofa ya juu kabisa ili moshi na joto vitoke. Lakini anayejenga leo kwa tofali nene anaweza kumwomba fundi aache vidaka viwili au vitatu kando ya jiko. Kimoja cha chumvi na viungo, kimoja cha chupa ya chai na vikombe vya bati vyenye maua. Hakuna rafu ya dukani itakayolingana navyo.

Sufuria zilizosuguliwa zikang'aa zipange kwa ukubwa, midomo ikitazama chini. Nje, jenga kichanja cha fito cha kimo cha kiuno kwa ajili ya kuanikia vyombo juani. Jua linakausha haraka, vyombo vinakaa mbali na kuku na vumbi la chini, na asubuhi, sahani zikiwa zimelala juu ya fito, ndilo pambo la uwanja.

Naweza kushona mapazia ya kanga?

Tena yanafaa sana, kwa sababu kanga ni pamba nyepesi inayopitisha hewa. Doti moja inatosha madirisha mawili madogo. Usiikate katikati ovyo: kanga ina pindo, mji na maandishi, na ukikata vibaya maneno yatapinduka au yatapotea. Mimi hupenda maandishi yabaki chini yanaposomeka, kwa hiyo chagua ujumbe ambao utafurahi mama mkwe akiusoma. Iloweke kwanza kwenye maji, rangi isije ikachuja ukutani.

Pazia lisifike karibu na moto. Dirisha lililo juu ya jiko libaki na wavu tu.

Nimepanga, na mwenye nyumba hataki misumari.

Tumia sakafu na meza. Kikapu kikubwa cha milulu kutoka Iringa kinabeba vitunguu na viazi, na hewa inapita ili visioze. Kiondo cha katani kinakaa na nazi. Ungo uegemeze nyuma ya meza, na kwenye kamba moja tu iliyofungwa kati ya nondo za dirisha utatundika pawa, kifumbu na vitambaa vya mkono.

Panya, mende na sisimizi wananimaliza. Vyombo vya asili si ndivyo vinavyowaalika?

Wanaalikwa na makombo. Wazee wetu walikuwa na susu, wavu wa kamba unaoning'inia darini, na chakula kilichobaki kililala humo. Bado inafaa kwa mikate, ndizi na kitoweo kilichofunikwa. Ning'iniza mbali na ukuta. Miguu ya kabati la chakula isimamishe ndani ya vikopo vya maji, sisimizi hawavuki, ila badilisha maji kila siku chache mbu wasizaliane humo.

Vyombo vya mti vinaweza kubunguliwa. Ukiona unga mwembamba chini ya kinu, kimwagie maji yanayochemka yenye chumvi, kisha kianike juani mpaka kikauke kabisa. Kinu kinachotumika mara kwa mara hakibunguliwi kirahisi.

Mtungi wa gesi unaharibu sura ya jiko. Niufiche wapi?

Ufiche ukipenda, lakini usiufungie. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa sakafuni ikisubiri cheche. Kabati la mtungi liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, na dirisha la juu pekee halitoshi. Njia nzuri zaidi ni kuuweka nje kwenye kijumba cha tofali za matundu na kupitisha bomba ukutani kwa fundi anayeijua kazi hiyo. Ndani, pazia fupi la kitenge mbele ya mtungi wa kilo 6 linatosha, mradi lisiguse jiko.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku ili kuota moto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima huweza kulala isiamke.

Nipande nini mlangoni?

Mchaichai, kwanza kabisa, kwa chai na kwa kushika udongo penye maji ya kuoshea vyombo. Kotimiri na mnanaa kwenye makopo penye kivuli cha mchana. Pilipili mbuzi mahali pa jua. Mrehani kwa harufu. Mwenye nafasi apande mlimao, na mwenye subira apande mnazi.

Naishi ng'ambo, baridi, ghorofa ya nne. Nifanye nini?

Kwa Muscat hutapata shida, Waswahili wamekaa huko muda mrefu na vitu vingi vipo. Ulaya na Marekani, nenda maduka ya Wahindi na Wathai: nazi iliyokunwa ikagandishwa ina ladha kuliko tui la kopo, na utaikamua hivyo hivyo kwa maji ya vuguvugu kwenye kitambaa. Ukienda likizo, rudi na kifumbu, upawa na kawa, ni vyepesi na havivunjiki. Chungu kiache kwa dada yako, hakitafika kizima, na jiko la sumaku halikipashi moto hata kidogo. Iliki na mdalasini wa Usambara beba bila kusagwa.

Kisha alika watu. Jiko la ugenini hupata sura ya nyumbani siku lilipojaa watu waliokaa chini wakimenya vitunguu saumu na kusemezana.

Mama lishe yuko hapo nje, bei yake nzuri. Kwa nini nijitaabishe?

Mama lishe mheshimu, na ule kwake ukiwa na haraka. Lakini yeye hawezi kukupikia mtori kwa ndizi ulizozichagua, wala kupunguza chumvi kwa ajili ya baba mwenye presha, wala kukuachia ukoko. Kisamvu kilichotwangwa nyumbani, kikachemshwa mpaka sumu yake ya asili imetoka kabisa, kikaungwa kwa karanga au tui, kinachukua nusu siku, na nusu siku hiyo ndiyo raha. Watoto wanapita, wanaonja, wanauliza, wanatumwa chumvi. Mgeni anaitwa kwa harufu.

Usipike hivyo kila siku. Chagua Jumamosi moja, pika maharage mengi, yagawe, na katikati ya wiki uyaunge kwa njia tofauti.

Mume wangu anataka kupika, shangazi zake wanacheka.

Wakumbushe ni nani wanaosimama kwenye masufuria makubwa ya biriani kwenye harusi za pwani. Wengi ni wanaume, na wanasifiwa. Mpe mwiko, na asuuze vyombo mwenyewe.

Kawa langu limeota ukungu. Nilitupe?

Bado. Lisugue kwa brashi kavu nje ya nyumba, lipanguse kwa kitambaa chenye maji ya ndimu na chumvi, lianike juani likiwa limelala kifudifudi juu ya fito ili hewa ipite chini. Siku mbili za jua kali zinatosha. Likirudi jikoni, lisifunike chakula kinachotoa mvuke mwingi. Ngoja mvuke utulie. Kama ukili umeanza kukatika kwenye ncha, mpelekee msusi alitie ukili mpya hapo tu, maana mwili wa kawa hudumu kuliko ncha yake. Wakati wa masika litundike mbali na ukuta wenye unyevu.